Muulize Mgosi: Yule kipa wa Scotland mlionijazia simu

Toleo lililopita kuna msomaji aliniuliza ni kipa gani wa nje ningependa kumuona akidaka pale uwanja wetu wa Mkwakwani hapa Tanga, nikajibu kwa mstari mmoja tu, Andy Goram wa Scotland, nikaendelea na mambo mengine. Nilidhani yameisha. Kumbe wapi! Meseji zimeingia mpaka simu inapata moto, wengine hawamjui kabisa, wengine wanamjua kwa mabaya yake tu, na kuna dada mmoja wa Muheza ameniletea barua ya mkono kurasa 3 ambayo nimeisoma nikakaa kimya mchana mzima. Kwahiyo leo ukurasa wote ni wa Goram. Mlioniuliza mambo ya usajili wa Coastal Union nivumilieni mpaka toleo lijalo.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nimedaka ligi za chini miaka 14, timu 7, nyingine nilikaa miezi 4 tu. Ndio mana nampenda huyu mtu. Alikuwa mkubwa kuliko mimi mbali sana lakini ile begi ya kuhama nayo naijua uzito wake.

*

"Shikamoo mgosi. Mimi ni kipa niko kidato cha tatu, nakaa Ngamiani. Nina sentimita 168. Kocha amesema nikacheze winga mana kipa lazima awe mrefu. Huyo Goram wako alikuwa na urefu gani?"

Marahaba mwanangu. Goram alikuwa na futi 5 na inchi 11, hiyo ni kama sentimita 180. Wewe utasema huyo si mrefu tu jamani, lakini kwa makipa wa Uingereza wa miaka ya 90 alikuwa mfupi, akina David Seaman na Peter Schmeichel walikuwa wanampita kama sentimita 10 hivi na zaidi, na kwenye krosi sentimita 10 ni mpira mzima. Akiwa kijana alikuwa West Bromwich Albion wakamuachia aende. Akaokotwa na Oldham Athletic mwaka 1981 akiwa na miaka 17, timu ya mji wa baridi na mvua huko kaskazini mwa Uingereza, akadaka hapo mpaka 1987. Na hapa nyumbani usisahau Juma Kaseja, nae hakuwa mtu wa urefu, lakini mwaka 2003 Simba walipoenda Cairo kumvua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa penalti nani alikuwa golini? Kaseja. Mwambie kocha wako hilo, kwa adabu lakini.

Sasa nikuambie Goram alikuwa anafanyaje. Kipa mfupi hawezi kusubiri kwenye mstari. Anatoka. Na akishatoka halali mapema, hapo ndo ufundi wa Goram wote ulipokuwa, straika anakuja uso kwa uso nae anabaki amesimama, magoti yamekunjwa kidogo, mikono iko chini pembeni, anamsubiri mwenzie aamue kwanza. Makipa wengi tunakufa pale mana roho inakimbia mbele ya mwili, tunajitupa, fowadi anatuzunguka anafunga goli tupu.

Fanya zoezi hili, nililifundishwa na mzee mmoja wa hapahapa mjini na katani haituishi. Chukua kamba 2 ndefu za katani. Moja funga kwenye nguzo ya kulia, nyingine ya kushoto, ncha zote mbili zivute mpaka zikutane kwenye jiwe pale fowadi anapopigia, tuseme mita 15 kutoka golini pembeni kidogo. Umeshapata pembetatu. Simama kwenye mstari wa goli nyoosha mikono, angalia pengo kati ya vidole vyako na kamba, kubwa eh? Kulia unaweza kupitisha baiskeli, kushoto hivyohivyo. Sasa sogea mbele hatua 4 ukiwa katikati ya kamba. Zinabana. Ongeza hatua 3, zinabana zaidi, endelea kumsogelea fowadi hivyohivyo. Utafika mahali mikono yako inagusa kamba zote mbili bila kuruka, na wewe ni yuleyule wa sentimita 168. Hapo hata Schmeichel hana cha kukuzidi isipokuwa kitu kimoja, mpira wa kuchopwa juu ya kichwa, na dawa yake ni kusimama kabla hajapiga, usiwe bado unakimbia. Kipa anaekimbia harudi nyuma.

Usikubali uwinga kabla hujafanya zoezi hilo wiki 6.

*

"Mgosi hebu nisaidie, Goram kazaliwa Bury, Bury ni England sio Scotland, sasa huyu ni Mscotland wa wapi? Msomaji, Chumbageni."

Wa damu. Kazaliwa Bury tarehe 13 Aprili 1964 lakini baba yake, Lewis Goram, ni Mscotland na alikuwa kipa vilevile, kapita Hibernian ya Edinburgh. Mtoto akaja kusajiliwa na Hibernian hiyohiyo mwaka 1987 kwa pauni 325,000, mwaka uliofuata akawafungia goli kwa mpira alioupiga kutoka kwenye boksi lake mwenyewe, dhidi ya Morton. Taifa kacheza mechi 43. Inatosha.

*

"Bwana mgosi, mimi nauza kahawa hapa stendi, vijana wangu wa kijiweni ni Celtic damu sijui waliitoa wapi. Wanasema Goram alikuwa kipa wa kawaida kabeba makombe ya Rangers tu. Naomba majibu nikawasomee."

Wasomee taratibu basi.

Rangers, wapinzani wakubwa wa Celtic hapohapo Glasgow, walimchukua 1991 kwa pauni milioni 1. Walikuwa kwenye ule mbio wa kuchukua ubingwa miaka 9 mfululizo, yeye aliukuta njiani akausindikiza mpaka mwisho 1997. Msimu wa 1992/93 wakachukua vikombe vyote 3 vya nyumbani, alafu Ulaya wakacheza mechi 10 bila kupoteza hata moja, na Goram akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka Scotland na waandishi na wachezaji wenzake pia. Kipa wa kawaida hapewi na wote wawili.

Mechi ya kuwaonyesha hao vijana ni Leeds United, Oktoba na Novemba 1992. Leeds ndo walikuwa mabingwa wa England, magazeti ya London yanasema Rangers wataliwa. Kule Glasgow mechi haijachangamka Gary McAllister kashaweka, dakika ya kwanza tu. Alafu ikaja kona ya Rangers, kipa wa Leeds John Lukic akatoka kuipiga ngumi, taa zikamuingia machoni, akaisukumia wavuni kwake mwenyewe. Nalitaja hilo sio kumcheka Lukic, mimi ilishanitokea jioni moja mikoani jua liko machoni na sijalala vizuri mpaka leo nikilikumbuka. Nalitaja mana upande wa pili usiku uleule chini ya taa zilezile yupo Goram, nae hakutema. Rangers 2-1. Marudiano kule Leeds, Rangers 2-1 tena, magoli ya Mark Hateley na Ally McCoist yanakumbukwa na kila mtu lakini waulize waliotazama mechi nzima Leeds walipiga golini mara ngapi, wakapanguliwa mara ngapi.

Na kuhusu Celtic yenyewe. Msimu wa 1995/96 Celtic ya Tommy Burns ilikuwa inacheza mpira mtamu, kwenye ligi nzima walifungwa mechi 1 tu. Moja! Na ubingwa wakakosa. Novemba 1995 walitoka 3-3 pale Ibrox, na kwenye mechi hiyo Pierre van Hooijdonk, jitu la Kiholanzi, alipata mpira karibu kabisa na goli akaupiga volei ukiwa hewani, volei ambayo wewe unayeangalia umeshanyanyua mikono kushangilia, na Goram akaufikia. Mimi video hiyo nimeirudia sijui mara ngapi naangalia miguu yake tu, mkono kila mtu anauona lakini ile miguu ilishaanza kusogea mpira bado haujafika kwa Van Hooijdonk. Burns mwenyewe ndie alikuja kusema kwamba akifa kaburini kwake waandike Andy Goram alinivunja moyo. Kocha wa Celtic huyo anasema. Vijana wako wanataka shahidi gani tena?

Ila niwe mkweli, kuna upande wake siutetei. Ile dabi ya Glasgow ina mambo ya Wakatoliki na Waprotestanti ndani yake, na Goram alilaumiwa sana kwa ukaribu na watu wenye siasa kali za Kiprotestanti wa Ireland Kaskazini, watu wa bunduki. Hapa kwetu Coastal na African Sports tunataniana mpaka misibani lakini sahani ya pilau ni moja, Mungu atuhifadhie hivyohivyo. Nampenda akiwa golini, hilo lingine lilikuwa kosa na watu wengi liliwaumiza.

*

"Kaka kuna mtu anabisha Goram alikuwa anacheza na kriketi. Kweli au chumvi?"

Kweli tupu. Kriketi hiihii ambayo Wahindi wa hapa mjini wameicheza miaka mingi. Goram aliichezea timu ya taifa ya Scotland, anapiga kwa mkono wa kushoto, na ndie mtu pekee aliyeiwakilisha Scotland kwenye mpira wa miguu na kwenye kriketi ya daraja la kwanza. Mpira wa kriketi ni mgumu kama jiwe, unadaka bila glovu. Ukishazoea huo, wa ngozi uliojaa upepo utakutisha nini.

*

"Tumewekeana soda kreti moja na mzee wangu. Mimi nasema Goram kacheza Man U, yeye anasema hajawahi, anadai yeye kaanza kuangalia Man U mimi sijazaliwa. Tupo Mikanjuni."

Mwambie mzee shikamoo, alafu mwambie alete kreti.

Ilikuwa 2001. Goram kashatoka Rangers tangu 1998, kapita Notts County, kapita Sheffield United, sasa yuko Motherwell, umri unaelekea 37, magoti yamepasuliwa mara nyingi. Manchester United makipa wao Fabien Barthez na Raimond van der Gouw wakapata matatizo ya majeraha. Kocha wao Sir Alex Ferguson akapiga simu mwenyewe. Goram akasikia sauti ya Kiscotland inasema ni Ferguson, akaona huyu ni McCoist tu ananifanyia utani kama kawaida yake, akakata simu! Fikiria mwenyewe uko zako nyumbani na magoti yako yanauma unamkatia simu Ferguson. Ikabidi apigiwe tena.

Akaenda kwa mkopo. Akacheza mechi 2, moja na Coventry City Aprili ile Old Trafford wakashinda 4-2, nyingine na Southampton. Man U wakawa mabingwa ila yeye hakupata medali, enzi hizo ulitakiwa uwe umecheza mechi 10. Mzee wako anaweza kuwa alisinzia hizo mechi 2, sio dhambi, zilikuwa 2 tu.

Na mtu mwingine wa Raskazone kauliza kwanini mtu atoke Man U aende timu ndogo, "si angestaafu na heshima yake". Ndugu yangu, baada ya pale alipita Hamilton, akaenda Coventry City hiyohiyo aliyotoka kucheza nayo, akarudi Oldham alikoanzia, akaenda Queen of the South kule Dumfries, akamalizia Elgin City, kaskazini kabisa, daraja la mwisho la Scotland, ana miaka 39. Na pale Queen of the South mwaka 2002 akachukua Kombe la Challenge, kakikombe ka timu za madaraja ya chini ambako enzi hizo mtu wa Rangers hakuweza kukapata hata akitaka, na kwa kukapata hako akawa mchezaji wa kwanza kuwa na medali za mashindano yote makubwa na madogo ya klabu Scotland. Angestaafu na hiyo heshima unayoisema asingeipata. Mimi naamini hakwenda kule kwa ajili ya medali wala hela, kule hakuna hela, alienda mana Jumamosi saa 9 alasiri alikuwa hajui mahali pengine pa kusimama isipokuwa kati ya nguzo mbili. Nalijua hilo. Nimeacha kudaka mwaka wa 11 huu na Jumamosi mikono bado inatoka jasho.

*

Sasa barua ya dada wa Muheza. Nimeifupisha, mengine ni ya kwake.

"Shikamoo kaka. Mimi ni mke wa kipa. Mume wangu amehama timu 5 ndani ya miaka 6. Mkataba ukiisha tunafunga godoro, tunatoa mtoto shule, tunaenda mkoa mwingine tunakuta nyumba haina hata pazia. Mwaka huu nimebaki kwa wazazi wangu na watoto 2. Anapiga simu usiku, watoto wamelala. Nimesikia huyo Goram wako kacheza timu zaidi ya 10. Nikajiuliza mkewe alikuwa wapi. Niambie ukweli, nimfuate au nibaki?"

Marahaba dada yangu. Nitajibu kwa ukweli kama ulivyotaka.

Goram ndoa zake zilivunjika. Alioa zaidi ya mara moja, na mwenyewe hakuficha kuwa pombe, kamari na starehe vilimla pesa na nyumba. Magazeti ya kule yalimuandama mpaka chumbani, mwaka 1998 akajitoa kwenye kikosi cha Scotland muda mfupi kabla ya Kombe la Dunia maisha yake binafsi yakiwa yametapakaa kwenye kurasa, nafasi ikabaki kwa Jim Leighton aliyekuwa anakaribia miaka 40. Kwahiyo ukiniuliza mkewe alikuwa wapi, jibu ni kwamba kila aliyekuwa mkewe alikuwa nyumbani anasubiri mtu ambae hata akija mwili, akili bado iko uwanjani au baa. Sitaki kukupamba.

Na sio kuhama peke yake kulikovunja. Makipa wengi wamehama na nyumba zao zipo.

Nikusimulie yangu. Msimu fulani nilikuwa mikoani, mbali, binti yangu ana miaka 3 yuko Makorora na mama yake. Mechi zetu mara mojamoja zilikuwa zinatangazwa redioni, mke wangu anamuita njoo umsikie baba. Mtoto akawa anakaa mbele ya redio, mtangazaji akilitaja jina langu anapiga makofi. Ligi ikaisha nikarudi. Nimefika saa 2 usiku na begi na zawadi ya viatu, nimekaa kwenye mkeka, mtoto ananiangalia tu kwa mbali. Nikamwambia mimi baba. Akaenda kwenye redio, akaigonga gonga kwa kidole, akamwambia mama yake, "Mama muwashe baba." Mke wangu akaiwasha kwa mazoea, wanasoma taarifa ya habari. Mtoto akasema baba hayupo leo, akaenda kulala. Nilitoka nje nikasimama kwenye mnazi wa jirani muda mrefu sana. Msimu uliofuata nilikataa timu iliyokuwa inanipa mara mbili nikadaka hapahapa Tanga kwa posho ya nauli, na mke wangu ndie alifunga mkanda mwaka ule, sio mimi.

Kwahiyo ushauri wangu. Shule ya mtoto isihame tena, hilo mkalikubaliane wewe na yeye uso kwa uso na sio kwa simu. Wewe baki Muheza kipindi cha masomo, likizo mfuate na watoto wote hata kama analala chumba kimoja, watoto wamuone akienda mazoezini na akirudi na matope, wamjue anavyonuka. Simu yake iwe saa 12 jioni, sio usiku, mwambie mazoezi yanaisha saa 11 na mimi nayajua. Na hela ya usajili, ile inayotolewa mara moja mwanzo wa mkataba, iingie kwenye kiwanja au tofali kabla haijaingia kwenye kitu kingine chochote, kabla ya simu mpya kabla ya pikipiki, mana mshahara wa timu zetu unaujua ukikwama miezi 3 hakuna wa kumlilia. Na dada, kama kuna pombe au kubeti ambako kwenye barua hukukutaja, nitafute, hayo ni mazungumzo mengine.

*

"Habari mgosi. Kwenye kibanda umiza walikuwa wanamcheka Goram eti alikuwa kichaa kabisa, kuna wimbo wake. Nimeuliza mana mdogo wangu wa kiume nae ni kipa, mwaka huu ameanza kusikia sauti. Mtaani wameshamtungia jina. Usitaje mtaa."

Sitautaja.

Wimbo upo. Magazeti yaliandika kwamba Goram kagunduliwa na aina ndogo ya ugonjwa wa akili ule wa skizofrenia, basi mashabiki wa wapinzani, wale ambao kawaida humuimbia mchezaji wao kuwa kama yeye yuko mmoja tu, wakamuimbia yeye wako Andy Goram wawili, wako Andy Goram wawili tu. Mpaka leo unahesabiwa kati ya nyimbo za kuchekesha zaidi za viwanjani. Mimi haunichekeshi. Kipa anasimama mgongo wake uko mita chache na jukwaa, beki akitukanwa anakimbia mbele, kipa haendi popote, anasikia kila neno dakika 90. Na Goram aliendelea kudaka.

Mdogo wako mpelekeni hospitali ya Bombo, wana huduma ya afya ya akili, msianzie kwingine mkapoteza miezi. Kusikia sauti mara nyingi ni dalili ya ugonjwa, na una dawa kama presha ilivyo na dawa, na vijana wengi wakiwahi na wakazifuata dawa wanarudi kwenye shughuli zao. Kama mnataka na dua someni dua, haigombani na kidonge. Mazoezi asiache kama daktari karuhusu. Na hao waliomtungia jina, wewe ni mkubwa wake, pita pale kijiweni siku moja kaa nao uwaambie taratibu kaka yake nimekaa hapa.

*

Wengi mmeuliza alikufaje. Saratani ya umio, ile njia ya chakula. Mwaka 2022 alisema hadharani kwamba madaktari wamempa kama miezi 6, na kwamba dawa kali za saratani zingemuongezea muda mfupi sana, wiki tu, akazikataa akasema bora hizo siku awe na nafuu na watu wake. Alifariki tarehe 2 Julai 2022, miaka 58. Mashabiki wa Celtic nao waliandika rambirambi, na mimi nilizisoma nyingi usiku ule.

Baba mmoja wa Pangani ameniuliza kama nae akatae matibabu kwa kuwa Goram alikataa. Hapana mzee wangu, usichukue uamuzi wa mtu mwingine. Yeye aliambiwa hali yake ilivyo ndo akaamua, wewe umesema chakula kinakwama kooni mwezi wa pili na hujaonwa na daktari. Nenda ukapimwe kwanza wiki hii, wakikupa rufaa ya Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, nenda, tutatafuta nauli, niandikie.

*

La mwisho, limeingia jana wakati tunafunga kurasa. Yule kijana wa Ngamiani tena, sentimita 168, anauliza kamba ya katani ya mita 40 nzima ataitoa wapi na bei yake.

Usinunue mwanangu, ninayo, iko uvunguni imekatika mahali pamoja tumeiunga. Jumamosi saa 10 jioni njoo kwenye kile kiwanja cha nyuma ya shule yenu, njoo na jiwe lako na mpira wenye upepo. Mimi nashika ncha moja, mwenzako ashike nyingine, wewe simama katikati.